Matatu Mezani: Kujenga HiAce ya Plastiki kwa Kipimo cha 1/24

Gari la kwanza la plastiki unalolijenga liwe lile unalolijua hata ukifumba macho. Wengi huanza na Ferrari kwa sababu picha ya sandukuni imewateka, kisha hufika katikati ya kazi wasijue chini ya gari kuna rangi gani, tairi linakaa vipi ndani ya bodi, au mpira wa kioo unaishia wapi. Toyota HiAce haitakuficha lolote. Simama steji yoyote ya Nairobi, Nakuru au Mombasa kwa nusu saa tu, zitapita mbele yako za kila umri na kila hali: iliyotoka bandarini juzi, iliyogongwa ikanyooshwa, na ile ambayo mlango wake hautelezi mpaka konda aubebe kwa bega. Hayo yote ni masomo ya bure.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu sanduku linapofunguliwa: HiAce ya kipimo cha 1/24, kuigeuza kutoka gari la mizigo la Kijapani iwe matatu ya abiria 14. Msomaji wa Dar es Salaam au Arusha ataifanya daladala kwa njia hiyohiyo, na tofauti zake nitazitaja tukizifikia.

Seti ninayoipendekeza ni ya Aoshima, HiAce Super GL ya umbo la mwaka 2004 na kuendelea, ambalo Toyota hulitambua kwa namba 200. Aoshima ni kampuni ya mji wa Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1924. Mji huo ndio makao ya watengenezaji wakubwa wa kazi hii. Tamiya na Fujimi nao ni wa hukohuko, na Hasegawa ni wa mji jirani. Kuna faida moja ambayo msomaji wa Afrika Mashariki asiipuuze: Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wa seti uko kulia na mlango wa abiria wa kusukuma uko kushoto, sawasawa na gari la mtaani kwetu. Mtu anayejenga gari la seti ya Kimarekani, ambazo kwa kawaida huwa za 1/25, mara nyingi hulazimika kuhamisha usukani na dashibodi nzima.

Agiza plastiki kutoka nje, lakini rangi ya kopo usiiagize kwa ndege. Makopo ya kupuliza yana gesi inayowaka na huhesabiwa kuwa shehena ya hatari, kwa hiyo mzigo wako utazuiwa. Rangi utaitafuta hapahapa, na nitaeleza namna ya kuijaribu kabla haijagusa bodi.

Gawanya kwa 24

Ukitaka kushika jambo moja tu katika makala haya, shika hili: kila kitu unachokiongeza, ukitengeneze au ukinunue, lazima kigawanywe kwa 24. Urefu wa HiAce halisi ya bodi ya kawaida ni milimita 4,695. Mezani itakuwa milimita 196 hivi. Upana wake ni milimita 1,695, nawe utapata 71. Umbali wa kati ya ekseli mbili ni milimita 2,570, yaani 107. Pima vipande vyako kwa rula kabla ya kuanza, ujue kama kiwanda kimekuwa mwaminifu na ni wapi kimedanganya kidogo.

Hesabu hiyo haiishii kwenye urefu na upana. Nafasi kati ya mlango na bodi kwenye gari halisi ni kama milimita 5. Kwako ni milimita 0.2. Mkanda wa kiti una upana wa karibu milimita 48. Kwako ni 2. Bomba la keria la milimita 25 ni waya wa milimita moja. Bamba la namba lenye urefu wa sentimita 52 na kimo cha sentimita 11 ni kipande cha karatasi cha milimita 21.7 kwa 4.6. Na hapa ndipo wengi huharibikiwa: rangi ikilala kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, mezani huoni kitu, lakini kwa kipimo hicho ni sawa na kulipiga gari halisi plasta ya milimita 2.4. Ndiyo maana magari mengi ya plastiki huonekana kama yamemwagiwa uji. Rangi yenyewe inaweza kuwa nzuri sana, ila ni nyingi.

Hesabu ichukue pia mchanga. Punje ya udongo ya nusu milimita ukiigundisha kwenye matope ya gari lako, umeweka jiwe la milimita 12. Tutarudi kwenye vumbi.

Vifaa si vingi. Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, koleo ndogo ya kukatia, kibano, msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000 na 2000, rula ya chuma, na tepu ya kuzibia rangi. Msasa wa maji unauzwa kila duka la vipuri vya magari, kwa sababu mafundi wa rangi wanautumia huohuo. Tepu ni kifaa pekee ninachokusihi usikibanie pesa. Ya kahawia ya dukani ina gundi kali na kingo zake ni kama meno. Rangi hupenya chini yake. Ya Tamiya, ya njano, huja kwa upana wa milimita 6, 10, 18 na 40, na ule wa milimita 6 una kazi maalumu kwenye matatu yetu.

Gundi ni za aina tatu, na kila moja ina mahali pake. Gundi nyepesi ya plastiki, kama ile ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, haigundishi kwa kunata; huyeyusha nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja. Unaviweka vipande pamoja kwanza, kisha unagusa ncha ya brashi kwenye mshono na gundi inakimbia yenyewe ndani. Gundi ya papo kwa papo ni ya chuma na waya, na kamwe isikaribie vioo, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Vioo vigundishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani na ikikosewa hufutika kwa maji.

Bodi kabla ya rangi

Vipande vyote huja vimeshikamana na fremu. Usivivunje kwa mkono. Kata mara mbili: mara ya kwanza mbali na kipande, mara ya pili karibu, kisha malizia kwa msasa. Ukikata mara moja karibu sana, plastiki huvutika na kuacha doa jeupe au shimo, na shimo hilo litajitokeza hata chini ya rangi.

Osha bodi na fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke kwa urahisi, na mafuta hayo yakibaki, rangi haishiki.

Sasa chukua bodi, uishike mbele ya taa, uigeuze polepole. Utaona mstari mwembamba unaopita juu ya nguzo za madirisha, kwenye kona za paa, na mara nyingine katikati ya bampa. Hapo ndipo pande mbili za kalibu zilipokutana. HiAce halisi haina mstari huo. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, kisha pitisha msasa wa 600 kwa maji. Kazi hii haina raha yoyote na haionekani ikifanywa vizuri, lakini naamini ndiyo inayotenganisha gari na kichezeo. Mtazamaji hatajua umefanya nini. Atahisi tu kwamba gari limetulia.

Kabla ya rangi ya msingi, pitisha ncha ya kisu, kwa upande wa mgongo, ndani ya kila mfereji wa mlango. Pitisha kwa wepesi mara nyingi, usikandamize mara moja. Rangi ya msingi, rangi yenyewe na vanishi zitaijaza mifereji hiyo, na mlango uliopoteza mstari wake haurudi.

Kisha funga gari zima kwa tepu bila gundi: bodi, sakafu, magurudumu, vioo. Litazame kutoka pembeni, macho yako yakiwa usawa wa meza. Magurudumu yamekaa katikati ya matao yake? Gari limeinuka mno mbele? Seti hizi zimeundwa kwa soko la Japani, ambako wapenzi wa HiAce hulishusha gari mpaka karibu na lami. Matatu haikai hivyo. Ikiwa tupu nyuma yake huwa juu kidogo, kwa kuwa springi za nyuma ni za majani na zimetengenezwa kubeba mzigo. Ikiwa imejaa, nyuma hushuka. Sentimita 5 za kushuka ni milimita 2 tu kwako. Amua sasa hivi matatu yako ni tupu au imejaa, kwa sababu ukishagundisha ekseli hutaamua tena. Mimi huipenda iliyojaa. Gari lililoinama nyuma kidogo lina kazi ya kufanya, na jicho hulijua hilo kabla ya akili.

Viti 14

Kubadilisha gari la seti kulingana na matakwa ya mjenzi ni mila ya zamani kama mchezo wenyewe. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Michigan, Marekani, ilianza kuuza seti zilizokuwa na vipande vya kujenga gari moja kwa njia tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari lililorembwa, au kama gari la mashindano. Mtoto alikuwa anachagua. Vipande vilivyobaki alivitia kisanduku cha akiba, na gari lililofuata likapata injini ya hili na magurudumu ya lile. Anza kisanduku chako leo. Usitupe hata kipande kimoja cha fremu.

Super GL ni gari la mizigo: safu mbili za viti, na nyuma ni sakafu tupu. Viti vya abiria utavijenga mwenyewe, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Usichukue mpangilio wa viti kutoka kichwani. Panda matatu, keti nyuma kabisa, uhesabu safu, uangalie kiti kipi kinakunjwa ili watu wapite, nguzo ya kushikilia iko wapi, na kizimamoto kimefungwa wapi. Chukua vipimo kwa mkono wako. Shibiri yako ukishaijua ni rula ya kutosha. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Dereva ukimwambia unajenga gari kama lake, mara nyingi atakufungulia mpaka boneti iliyo chini ya kiti chake, maana injini ya HiAce iko hapo, katikati ya watu wawili wa mbele.

Nunua karatasi za plastiki ya polistirini za unene wa nusu milimita na milimita moja. Kama hazipatikani, tafuta vifungashio vilivyopigwa chapa ya namba 6 ndani ya pembetatu. Hiyo ni polistirini, na gundi yako itaiyeyusha vilevile. Kiti kimoja chenye upana wa sentimita 40 kitakuwa milimita 17. Kata mto na mgongo, bandika tabaka mbili au tatu kupata unene, kisha zungusha kingo kwa msasa mpaka zifanane na sponji iliyokaliwa. Kwa kitambaa, lowesha karatasi laini ya shashi kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, uitandaze juu ya kiti, uibane kwenye mishono kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikikauka huwa na mikunjo midogo ambayo plastiki tupu haiwezi kuitoa.

Onyo moja la kipimo. Ukuta wa bodi ya plastiki una unene wa zaidi ya milimita moja, na ukigeuza hesabu hiyo ni kama ukuta wa sentimita tatu kwenye gari halisi. Kwa hiyo ndani ya gari lako ni pembamba kuliko inavyopaswa. Viti vyako vipunguze milimita moja hapa na pale, upande wa ukutani, mahali pasipoonekana. Jaribu sakafu na viti ndani ya bodi kila baada ya safu moja, usingoje mpaka mwisho.

Mikanda ya viti ni vipande vya tepu vya milimita 2 vilivyopakwa rangi nyeusi ya kufifia. Nguzo ya kushikilia ni waya wa shaba kutoka ndani ya kebo ya umeme, ulionyooshwa kwa kuubingirisha kati ya vigae viwili, kisha ukapakwa rangi ya fedha. Aliyewahi kutengeneza gari la waya utotoni atagundua kwamba vidole vyake bado vinakumbuka. Waya huohuo utajenga keria ya juu, na kwa keria napendekeza ulehemu badala ya kugundisha, kwa kuwa kiungo cha gundi hufunguka ukigusa tu.

Rangi, na mstari wa njano

Rangi ya duka la vifaa vya ujenzi inaweza kufaa, lakini thina yake mara nyingi ni kali, na polistirini tupu huungua: uso hupasuka mistari midogo kama ngozi kavu. Jaribu kwanza. Chukua kipande cha fremu, kipulize rangi ya msingi, subiri ikauke kabisa, kisha pulizia rangi yako na uiache hadi kesho. Ikibaki laini, endelea. Ikikunjamana, tafuta nyingine. Usijaribie kamwe kwenye bodi, hata upande wa ndani.

Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, ile ambayo wapiga rangi wa magari hutumia. Ya kitambaa huzuia vumbi tu, thina hupita. Fungua madirisha, na watoto wasiwepo chumbani.

Kopo likae kwanza dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, na lisikaribie jiko. Joto kidogo huongeza msukumo ndani na rangi hutoka kama ukungu badala ya matone. Simama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bodi. Anza kubonyeza kabla mkono haujafika kwenye gari na uachie ukishalipita. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba kiasi kwamba bado unaiona rangi ya msingi. Wa pili ufunike. Wa tatu uwe wa majimaji kidogo ili ujilaze wenyewe. Kati ya mkono na mkono subiri robo saa. Funika bodi kwa katoni safi mara umalizapo, hasa Nairobi mwezi wa Januari vumbi linapopeperuka.

Pwani tatizo ni jingine. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inapoyeyuka hupoza uso wa rangi, maji ya hewani yanaganda juu yake, na mng'aro unageuka ukungu wa maziwa. Mombasa, Tanga, Unguja: usipulize asubuhi mapema wala mvua inaponukia. Saa za alasiri unyevu hupungua. Ukungu ukishatokea, mara nyingi mkono mwembamba mmoja wa vanishi siku kavu huuyeyusha ukaondoka.

Mambo yakiharibika kabisa, rangi huondolewa bila kuua plastiki kwa kulowesha bodi ndani ya mafuta ya breki usiku kucha, ukiwa umevaa glavu, kisha kuisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni. Vipande vyenye kromu bandia husafishwa kwa Jik. Kromu hutoka ndani ya muda mfupi na plastiki hubaki safi, tayari kupakwa rangi ya fedha iliyotulia zaidi.

Sasa mstari wa njano. Kanuni za usafiri wa umma zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya Februari 2004, ambazo watu wengi huziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa wakati huo, John Michuki, ziliagiza matatu iwe na mstari wa njano usiokatika, wenye upana wa milimita 150, pembeni na nyuma. Gawanya: 6.25. Tepu ya milimita 6 iko robo milimita tu chini ya hapo, tofauti ambayo hakuna jicho litakaloiona. Kwa hiyo usipake gari jeupe kisha ukahangaika kuchora mstari. Fanya kinyume. Pulizia rangi nyeupe ya msingi, kwa sababu njano ni rangi dhaifu isiyofunika kijivu. Juu yake pulizia njano sehemu ya katikati ya bodi pekee. Iache ikauke siku mbili nzima. Kisha zungusha tepu ya milimita 6 mahali mstari unapopaswa kuwa, pande zote na nyuma, na upulizie gari zima rangi yake nyeupe. Ukibandua tepu, mstari uko tayari, umenyooka, na upana wake tayari ni sahihi.

Siri ya ukingo safi ni mkono mmoja kabla ya rangi nyeupe: pulizia tena njano kidogo juu ya kingo za tepu. Rangi yoyote itakayopenya chini itakuwa njano juu ya njano, nayo itaziba mwanya. Nyeupe ikija haina pa kuingilia. Bandua tepu ukiivuta kurudi nyuma juu yake yenyewe, rangi ikiwa bado changa kidogo; ukingoja mpaka iwe ngumu kabisa, ukingo unaweza kumeguka. Pima kimo cha mstari kwenye picha halisi, maana hupita chini ya madirisha na kuvuka mlango wa kusukuma bila kupanda wala kushuka. Mstari uliopinda milimita moja mlangoni utaharibu gari lote.

Daladala ya Dar es Salaam hutambulika kwa rangi za njia yake, mara nyingi mikanda ya rangi mbili, na njia ya kuipaka ni hiyohiyo: rangi nyepesi kwanza, nzito mwisho, tepu ikilinda kila iliyotangulia. Bamba la namba la Tanzania kwa gari la biashara huwa jeupe, ilhali la gari binafsi ni la njano. Kenya, bamba jeupe hukaa mbele na la njano nyuma kwa namba za mtindo wa zamani. Kosa la bamba ni dogo lakini mtu wa mtaani huliona kabla ya lolote jingine.

Maandishi na michoro hufanywa kwa karatasi maalumu ya stika za maji. Printa ya leza ni bora. Ya wino wa maji inafaa, ila lazima upulizie vanishi tabaka mbili juu ya karatasi kabla ya kuilowesha, la sivyo jina la njia litayeyuka mbele yako. Printa haichapi nyeupe, kwa hiyo mchoro wa rangi nyepesi utakaokaa kwenye bodi nyeusi uchapwe kwenye karatasi ya stika nyeupe, ukatwe pembezoni kabisa. Herufi za sentimita 10 zitakuwa milimita 4. Ukitaka stika ikumbatie mifereji ya mlango, ilainishe kwa siki ya jikoni iliyopunguzwa kwa maji. Dawa ya dukani ina nguvu zaidi, lakini siki inasaidia. Usinakili nembo ya sacco ya matatu iliyopo ukaiuza. Buni njia yako, jina lako, msemo wako wa kioo cha nyuma. Wachoraji wa matatu ni wasanii wakubwa wa Kenya na kazi yao inastahili kujibiwa kwa kazi, si kwa nakala.

Baada ya stika, vanishi ya kung'aa tabaka nyembamba tatu. Iache wiki. Ndipo utumie wino wa kutia giza mifereji ya milango, na kwa gari jeupe chagua kijivu, kamwe si nyeusi, ambayo hufanya milango ionekane imechorwa kwa kalamu. Wino huo uwe wa mafuta ikiwa vanishi yako si ya mafuta, ili unapoufuta kwa pamba yenye thina nyepesi usiharibu kilicho chini.

Vumbi na uzee

Hapa uamuzi ni wako, na mimi nina msimamo. Matatu ya mezani inayong'aa kote haisemi chochote kuhusu barabara. Lakini kuitapakaza matope pote ni uvivu uleule kwa sura nyingine. Tazama gari halisi. Vumbi hukaa kwenye rimu, nyuma ya matao ya magurudumu, na kwenye mlango wa nyuma, ambako hewa huzunguka na kulirudisha. Paa huwa safi kuliko unavyodhani kwa sababu mvua huliosha. Mlango wa kusukuma una historia yake: rangi imelika pale mkono wa konda unaposhika, ngazi imepauka kwa viatu, na ukingo wa juu, mahali anaponing'inia, una weusi wa viganja.

Chukua chaki za rangi, kahawia, nyekundu iliyofifia na kijivu, uzisage kwenye msasa mpaka ziwe unga laini kuliko ngano. Paka kwa brashi kavu. Udongo wa kweli wa murram una rangi nzuri, lakini punje zake hazigawanyiki kwa 24, kwa hiyo usiutumie ila uwe umeusaga na kuuchuja kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Pulizia vanishi isiyong'aa kutoka mbali, kabla vioo havijaingia. Kisha rudisha mng'aro mahali panaposuguliwa na watu, kwa kidole chako tu.

Matairi yapitishie msasa wa 400 pale yanapokanyaga lami. Tairi la seti hung'aa kama jipya na lina mshono katikati. Taa za nyuma zipakwe nyekundu angavu na rangi ya chungwa angavu kwa ndani, siyo kwa nje, ili kioo kibaki na kina chake. Vioo viingie baada ya rangi na vanishi zote, kisha sakafu na viti, kisha bampa, vioo vya pembeni na waipa. Mpira mweusi unaozunguka vioo uchore kwa rangi nyeusi iliyofifia, tepu ikilinda pande zote mbili, kwa kuwa mkono mtupu hauwezi kuunyoosha.

Ihifadhi ndani ya kisanduku cha kioo au plastiki angavu, mbali na dirisha lenye jua, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Plastiki nyembamba hupinda. Vumbi lisilo lako liondoe kwa brashi laini ya vipodozi.

Ukimaliza, seti inayofuata ninayokushauri ni Datsun 240Z ya Hasegawa, ile ya toleo la Safari Rally ya mwaka 1971, iliyoendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda wakiwa na namba 11. Gari hilo ni jekundu lenye boneti nyeusi isiyong'aa, na mbinu ya tepu uliyojifunzia kwenye mstari wa njano ndiyo itakayotenganisha rangi hizo mbili. Nyekundu ipulizwe kwanza juu ya msingi wa waridi au mweupe, nyeusi mwisho. Miaka miwili baadaye, 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mbio hizohizo kwa 240Z nyingine baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800, na akaja kushinda tena miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Seti ya gari lake la 1973 ukiikosa dukani, gari la 1971 unaweza kuligeuza kwa stika zako mwenyewe; bodi ni ileile, na picha za mashindano hayo zimehifadhiwa za kutosha.